Zulia Jeupe la Kutlubika

Mama mkwe wangu Kutlubika alikuwa na ulimi mkali, na msinitazame hivyo, mwenyewe angekiri. Lakini mikono yake! Hapa Hankerman, kando ya Mto Oka, wanawake wa ukoo wake ndio waliotengeneza zulia jeupe la kumwinulia khan, mtawala wetu. Kwetu mtu hakuwa khan kwa barua ya Moscow tu. Alikalishwa juu ya zulia, wakubwa wanne wakashika pembe, wakamwinua, mji mzima ukapiga kelele. Hapo ndipo akawa khan.

Enzi hizo tulikuwa watu! Moscow ikienda vitani, khan wetu alikwenda nayo, pamoja na wapanda farasi wake. Kisha, kidogo kidogo, wakaacha kutuhitaji. Khan wa mwisho aliacha Uislamu wetu akabatizwa, kisha akafa. Mama yake akashika nchi, naye akafa.

"Watatuletea mwingine," akasema Kutlubika. "Lini waliacha kutuletea?"

Alikosea, na nusu ya mji tulikosea naye. Kiangazi kizima alimtengenezea khan huyo zulia jipya: alichambua sufu ya wanakondoo weupe, akaipiga fimbo, akaimwagia maji moto, akaivingirisha ishikamane, mpaka viwiko vikachubuka. Nami nilivingirisha, nikinung'unika.

"Mama, huyo khan mwenyewe yuko wapi?"

"Wewe vingirisha. Mdomo wako haushikanishi sufu."

Vuli ilipofika, badala ya khan alikuja karani wa Moscow, Yerofei, na mikokoteni. Akatangaza sokoni kwamba hakuna khan tena, wala hatakuwepo, na vitu vyote vya khan vinakwenda Moscow. Akapita kwetu: "Kesho asubuhi nachukua lile zulia."

Kutlubika alikaa chini. Jamani, niliumia! Kazi ya mwisho ya mikono ile, iende kufungia magunia ya watu!

Asubuhi ile binti yangu Nurjamal alikuwa anaolewa. Kwetu bibi harusi naye huinuliwa, ila kwenye zulia la kahawia la nyumbani. Mara nikasikia sauti ya bibi yake: "Nurjamal! Njoo ukae hapa!" Hapa wapi? Juu ya lile jeupe.

Karani alipoingia uani, wanawake wanne tulikuwa tumeshika pembe, binti yangu yuko hewani, majirani wanapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

"Mteremsheni! Hiyo mali ya khan!"

"Khan yupi?" akauliza Kutlubika. "Si jana umetangaza mwenyewe hakuna? Zulia hili halijainua khan. Limeinua bibi harusi, basi ni lake."

"Mama, usinichezee. Nitalichukua."

"Haya, njoo ulichukue. Nurjamal, shuka! Akina mama, mkalisheni karani, tumwinue! Awe khan yeye, tuone Moscow itamwambia nini."

Tukamwendea na zulia, sote wanne. Karani akageuka mweupe, maana alijua kwa Moscow shingo ya khan wa namna hiyo haidumu. Alirudi kinyumenyume mpaka kwenye mkokoteni wake, akaondoka. Tulicheka tukashika mbavu! Kutlubika alicheka huku analia, akanikumbatia, mimi mnung'unikaji.

Tangu siku ile hakuna binti wa mji huu anayeolewa bila kuinuliwa juu ya zulia la khan, awe wa mwenye farasi au wa mchunga kondoo. Na kila anapopaa, tunapiga ile kelele ya zamani ya khan, yote, kwa ajili yake.