Mbuzi Jike wa Mshahara wa Kwanza

Shangazi yangu, aliyenilea kule Wusi, hakuamini mali isiyozaa. Shamba letu lilining'inia mlimani, halikuwa na nafasi ya mifugo, kwa hiyo mbuzi wake waliishi kwa rafiki yake kule Ndara, kwenye tambarare. Jioni, ukungu ukipanda, alikaa mlangoni akiwataja mmoja mmoja, macho kayafumba: huyu kamzaa huyu, naye kamzaa yule. Nilisinzia nikiwaona wakipita mawinguni, mama, binti na mjukuu. Madume waliuzwa. Majike hawakuguswa.

Nilipopata kazi ya kushona sare za shule Voi, mshahara wa kwanza nilimpelekea yeye. Alinirudishia.

"Huyu ni mbuzi jike, mwanangu. Mtafutie zizi."

Zizi likawa sacco ya pale mjini. Kila mwisho wa mwezi niliweka kidogo, hata miezi ya kula ugali kwa chumvi. Faida ya mwaka ilipokuja sikuila. Niliiacha humo humo, na mwaka uliofuata nayo ikapata faida yake. Watu husema haba na haba hujaza kibaba. Sawa, lakini kibaba hakizai! Mwenzangu wa cherehani ya jirani alianza miaka mingi baada yangu, akawa anaweka mara mbili yangu ili anifikie. Hakunifikia. Alininunia wiki nzima, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilitaka kitu kimoja tu: nyumba ya mawe kwa shangazi, tena aione kwa macho yake. Alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe. Daktari alisema ni presha ya macho. Dawa ingechelewesha upofu, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilipanda naye Wusi siku hiyo hiyo.

"Natoa zote, shangazi. Tuanze kujenga."

"Zitafika wapi?"

"Kwenye kuta."

"Basi ziache. Ndiyo kwanza wajukuu wanazaa."

Na alisema kweli. Miaka ya mwanzo akiba ilitambaa. Hii ya mwisho ilikimbia. Nilishona nikiota mabati, milango, sakafu nyekundu, mguu wangu ukikanyaga cherehani wenyewe bila mimi. Ikatosha nyumba nzima, mpaka vioo.

Siku ya kuhamia nilimshika mkono, nikamzungusha chumba kwa chumba. Alipapasa kila ukuta polepole, akanusa rangi, akatabasamu. Roho iliniuma sana. Subira huvuta heri, wanasema, na heri ilikuwa imekuja, imekaa pale mbele yake.

"Nyumba nzuri," akasema. "Lakini mbona hamjafungua dirisha?"

Ilikuwa saa sita mchana. Dirisha lilikuwa wazi, jua limelala sakafuni miguuni pake. Nililirudisha taratibu bila sauti, kisha nikalisukuma kwa kishindo ili asikie.

"Ehee," akasema. "Sasa naona."