Kesi ya Mparachichi wa Wamagana

Mawakili vijana wakinitembelea huniuliza siri ya kuendesha ofisi ndogo bila kuifunga. Wanatarajia niwatajie vitabu vya sheria. Mimi huwaambia: tafuta karani anayejua kudanganya kwa adabu, lipa kodi ya chumba kabla mwenye nyumba hajakukumbuka, na kamwe usionekane ukicheka na wakili wa upande wa pili. Hilo la mwisho nusura linikoseshe mume.

Nyeri ya miaka ya sabini ilikuwa mji mdogo wenye macho mengi. Ofisi yangu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu. Ngazi zilikuwa za mbao na zililia kila zikikanyagwa, kwa hiyo mteja nilimjua uzito kabla sijamjua jina. Baridi ya Julai ilipobana niliweka jiko la makaa chini ya meza na kuwasikiliza watu nikiwa ndani ya koti. Nilikuwa mwanamke, tena Mluhya, binti wa polisi aliyeletwa huku kikazi akasahau kurudi kwao. Watu walikuja kwanza kunishangaa, kisha wakabaki kwa sababu ya mdomo wangu. Nina hasira za karibu, na wateja walizipenda kuliko shahada yangu iliyoning'inia ukutani.

Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la mabati, alikuwepo wakili mwingine. Huyu alikuwa mwana wa huku huku, mrefu, mpole, na suruali zake zote zilimfupia. Tulikuwa tumesoma pamoja Dar es Salaam, na huko huko tukapendana. Tulirudi Nyeri kila mmoja akafungua ofisi yake, nia yetu ikiwa tuoane mara tu mambo yatakapotulia.

Tatizo likawa wateja. Mkulima wa milimani akimwona wakili wake anakunywa chai na wakili wa adui yake, hasemi kwamba wale ni watu wa kazi moja. Anasema, "Ameuzwa." Neno hilo likiingia sokoni asubuhi, jioni ngazi zako hazilii tena. Kulikuwa na wakili mzee aliyepoteza wateja wa kijiji kizima kwa kumwazima mwenzake mwavuli. Sasa fikiria wateja wangu wangesikia kwamba mimi naolewa na mwenye mwavuli.

Tukakubaliana. Hatutachukua tena kesi yoyote ya kupambana sisi kwa sisi, tutazimaliza zile tulizo nazo, ndipo twende kwa wazazi tukiwa wasafi. Tulizimaliza zote ila moja.

Mteja wangu katika hiyo moja alikuwa mjane kutoka kijiji cha Wamagana, na aliyemshtaki ni shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe. Waligombania kipande cha mpakani ambacho hakikutosha kuanika blanketi, lakini juu yake ulisimama mparachichi mkubwa uliozaa kama umelaaniwa. Kila mmoja alisema ni wake. Ningeweza kumpa wakili mwingine faili hilo, na nilijaribu, lakini yule mama akakataa katakata.

"Wakiri, ukinipea mtu ingine mimi naacha kesi," alisema. "Hao wengine wote ni wanaume, na wanaume wote ni wa shemeji."

Nikamwapia kwamba nitaimaliza mwenyewe. Mpenzi wangu naye, aliyekuwa wakili wa shemeji, alikuwa amemwapia hivyo hivyo mzee wake. Basi harusi yetu ikawa imefungwa kwenye mti ule kama mbuzi. Siku kesi ingeisha, siku hiyo tungeoana. Nilidhani ni suala la wiki chache, na nikaanza hata kuulizia kitambaa.

Kwanza hakimu akahamishwa. Kisha mpima ardhi akatuma habari kwamba gari lake halina petroli. Hayo yalikuwa ya serikali, nikayameza. Lakini baadaye wateja wenyewe wakaanza. Leo mama ana kikohozi hawezi kutoa ushahidi. Tarehe nyingine mzee wa upande wa pili kiuno kimemshika. Mara shahidi amekwenda matanga Kangari. Shahidi huyo huyo akirudi, ameng'olewa jino na hawezi kusema. Kila mara hakimu mpya alituangalia kwa huruma, akaandika tarehe nyingine.

Mawakili huahirisha kesi ili wapumue. Sisi wawili tulikuwa mawakili wa ajabu, tulisihi isikilizwe! Karani wa mahakama alidhani tumelewa.

Wakati huo wote ilinibidi kuigiza uadui. Nikimwona kijana wangu anakuja, nilivuka barabara. Mahakamani nilimwita "mwenzangu msomi" kwa sauti ya mtu anayetema mbegu ya limau. Siku moja niliigiza vizuri mno, nikasema suruali yake ni fupi kama hoja zake, watu wakacheka, na yeye akaninunia kweli kweli. Siku za Jumamosi tulikwenda kujificha Kagio, mji wa soko ambako kila mtu ana shughuli na nyanya zake. Nilijifunga leso hadi machoni, nikamngoja nje ya mji anichukue kwa gari lake kuukuu. Tulikula nyama choma nyuma ya hoteli, tumeelekea ukuta. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, lakini sisi tulijiona ndio wa kwanza kuyapatia dawa.

Yule mama alikuwa na tabia moja iliyonichosha. Kila tukitoka mahakamani alinishika mkono na kuuliza kwa sauti ya chini, "Na yule kijana wa upande ile ingine, leo amekusalimia?"

Nilijua ananipima kama nimeuzwa. Nikajibu kwa ukali, "Hata kivuli chake sitaki kukiona!"

"Ngai! Mungu wangu!" aliguna, akatikisa kichwa kwa huzuni, akaondoka polepole. Na tarehe iliyofuata lazima kikohozi kirudi.

Baadaye alianza kuniletea maparachichi, makubwa, ya ngozi laini. Wiki hiyo hiyo mpenzi wangu naye akaja Kagio na kikapu cha maparachichi aliyopewa na mzee wake. Tuliyaweka mezani pamoja, tukayapaka chumvi, tukala. Watu wawili tuliosomea sheria ya ushahidi, na hakuna aliyejiuliza yametoka mti gani.

Halafu ikafika siku ambayo sikuweza tena. Hakimu alikuwepo, mpima ardhi alikuwepo na petroli yake, mashahidi wote wana meno. Yule mama akasimama akasema miwani yake imepotea. Sikuwahi kumwona na miwani tangu tufahamiane! Kesi ikaahirishwa. Nilitoka mpaka kwenye varanda, nikamkuta mpenzi wangu amesimama kwa upole wake ule ule, na hasira yote ikamwangukia yeye.

"Nimechoka!" nilimfokea mbele ya umati. "Nimechoka na wewe na mzee wako na mti wenu. Sitaki kukuona tena!"

Nusu ilikuwa maigizo. Nusu nyingine ilikuwa kweli, na usiku huo nililia, maana kitambaa nilikuwa nimeshakinunua na kilikuwa kinanuka dawa ya nondo sandukuni.

Asubuhi yake ngazi zililia kwa watu wawili. Mlango ukafunguliwa, akaingia mjane wangu, na nyuma yake, amevua kofia, yule shemeji aliyemshtaki. Nilidhani wamekuja kupigana ofisini mwangu. Mama akaketi, akamtuma karani wangu ng'ambo ya barabara amwite wakili wa upande wa pili. Alikuja mbio, tai begani. Mzee akamwonyesha kiti kando ya changu.

"Sisi tumekuja kupatanisha nyinyi," mzee alisema.

"Kutupatanisha sisi?" niliuliza.

"Jana mmetukanana mbaya sana," mama alisema. "Ati hutaki kumuona tena. Mwari wakwa, mtoto wangu, hiyo si maneno ya kusema. Sisi tulikuwa na mti moja na tulisikizana. Nyinyi mko na shida gani kubwa hivyo?"

Nikamuuliza taratibu walisikizana lini.

"Aa, hiyo ni zamani," mzee akajibu. "Yeye anachuna upande wake, mimi upande yangu. Si tuliwaletea maparachichi?"

Nikafoka. "Basi hiki kikohozi, na kiuno, na miwani, vilikuwa vya nini?"

Yule mama aliniangalia kwa namna ambayo mama yangu mzazi aliniangalia nikiwa na homa. "Niliwaona Kagio nikienda kuuza ndizi. Mmeangalia ukuta kama watoto wameiba sukari. Nikajua watu wake wamekukataa kwa sababu wewe si wa huku. Nikaambia shemeji, hawa hawana mahali ya kuonana, ni kortini tu. Kesi ikiisha, wataonana wapi?"

Bibi huyu alikuwa anateremka kutoka Wamagana na mvua yake na matope yake, tarehe baada ya tarehe, ili mimi nikaribie kiti cha mtu niliyesema sitaki kivuli chake. Nilicheka mpaka nikashika meza, na kicheko kikageuka kilio, nikamkumbatia. Mpenzi wangu alikuwa anafuta macho kwa ile tai.

Kesi ikafutwa. Posa ilipofika, baba yangu hakuwa na wazee wa ukoo wake mji huu wa kumsemea. Yule mama akaja na shemeji yake, wakaketi upande wetu, na mzee akadai mbuzi na blanketi bila haya, akipandisha kila mara upande wa pili ulipokubali.

Mume wangu mtarajiwa akashindwa kuvumilia. Aliinuka akalalamika kwamba huyu ni mteja wake, na leo amemuuza, na labda tungeendelea na mazungumzo siku nyingine watu wakiwa wametulia.

"Wakiri, keti chini," mzee alimwambia. "Hii haiahirishwi."