Arintha Alipoacha Kuimba

Watu wa Marsh Hook wakimtaja Arintha Dashiell mpaka leo hupunguza sauti kidogo, kama mtu anayepita karibu na mlango wa kanisa wakati wa sala. Hakuwa mchungaji wala mwalimu. Alikuwa mchambua kaa. Alikaa benchini tangu kabla ya jua kuchomoza, kisu kifupi mkononi, akiwafungua kaa waliokwisha kupikwa kwa mvuke, akitoa nyama na kuitia koponi, na kulipwa kwa ratili. Mwanamke mweusi wa upande ule wa Maryland, Marekani, asiyetaka kwenda Baltimore kufua nguo za watu alikuwa na kazi hiyo, na hakuwa na nyingine.

Aliyemjua kwa karibu ni Lovey Handy, kwa sababu walikaa ubavu kwa ubavu, na kwa sababu Lovey alimwonea wivu.

Lovey alikuwa mjane kijana, mama wa watoto watatu, mwenye mdomo mkali kuliko kisu chake. Alijijua kuwa ana mikono myepesi. Lakini kila jioni makopo yalipopelekwa mizanini, la Arintha lilikuwa zito kuliko lake, na Arintha alikuwa mama wa makamo ambaye asubuhi vidole vyake havikunjiki mpaka avitie kwenye maji ya moto. Chumvi na miiba ya kaa ilikuwa imevila vidole hivyo miaka yote ile. Hata hivyo, akishaanza, ilikuwa ajabu kumtazama. Gamba lang'oka, mapafu yale wanayoyaita vidole vya maiti yatupwa, kisu chazunguka mara moja, na donge la nyama nyeupe latoka zima bila ufa.

"Dada Arintha," Lovey aliwahi kumwuliza, "hao kaa wanakuogopa au wanakupenda?"

"Wananisikiliza," alijibu Arintha. "Wewe unawapigia kelele."

Benchi zima lilicheka, na Lovey akacheka pia, huku moyoni kachomeka.

Lakini sifa kubwa ya Arintha haikuwa mikono. Ilikuwa koo. Kila asubuhi, mvuke ukiwa bado mzito ndani ya kiwanda, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, peke yake, sauti ya chini yenye mikwaruzo, na wanawake wote wakamwitikia. Asubuhi mapema alichagua wimbo wa polepole, maana mikono bado ni migumu. Jua likipanda, wimbo nao ukapanda. Baada ya chakula cha mchana, saa ambayo macho hutaka kufumba, alileta ule wa kumwamsha Lazaro. Visu vilikwenda na wimbo. Hakuna aliyefundishwa, mtu alikaa tu, na siku ya tatu mikono yake ilikwisha kuingia kwenye mwendo wa wenzake. Na mmoja akiwa na homa au ana kichanga cha kunyonyesha, wimbo ulipofika kwenye kiitikio, kila aliye karibu alidondosha konzi moja ya nyama kwenye kopo la mwenzake bila kumtazama. Mwaka ule mume wa Lovey alipozama na mashua ya chaza, kopo lake lilijaa hivyo majira mazima ya kiangazi. Alijua konzi nyingi zilitoka upande wa kushoto, kwa Arintha. Labda ndiyo maana wivu wake ulikuwa na uchungu zaidi. Ni vigumu kumchukia mtu aliyekulisha.

Kiwanda kilikuwa mali ya Bwana Harlan Pruett, aliyekirithi kwa baba yake pamoja na mizani, boila na wanawake. Ilikuwa ile miaka ya njaa, mabenki yamefunga, wanaume wazima wamekaa barazani mchana kutwa. Jumatatu moja wanawake walipofika walikuta kibao cha pale dirishani kwa karani kimefutwa. Palipokuwa na senti tano kwa ratili, chaki ilisema nne.

"Nyakati ngumu," alisema Bwana Harlan, akiwa amesimama mbele ya gari lake jipya.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala simlaumu kwa kutojua. Namlaumu kwa kutouliza. Kwa senti tano Lovey alilipa kodi ya nyumba, akanunua unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, na viatu vya mtoto mmoja kwa zamu. Kwa nne, kimoja katika hivyo kilikuwa kinaondoka, na hakuna kilichoweza kuondoka. Alizungusha hesabu mpaka ikamchosha, kisha akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda. Binamu yake alikuwa Baltimore, mtumishi wa ndani katika nyumba ya daktari, analala hukohuko, anarudi kwao Krismasi. Nafasi ya pili ilikuwepo. Watoto wangebaki na bibi yao.

Lovey hakuwa ameota utajiri hata siku moja. Alitaka mtu afanye kazi kutwa nzima, na jioni alale nyumba moja na watoto wake. Aliliona jambo dogo, na siku ile akaambiwa kwamba ni kubwa kwake.

Jioni, akiwa kwenye mstari wa mizani, alisikia sauti ya Bwana Harlan kupitia mlango wa ofisi ulioachwa wazi kidogo.

"Shangazi Arintha," alisema Bwana Harlan, ingawa Arintha hakuwa ndugu ya mtu yeyote katika ukoo wake, "wewe nitakuacha kwenye tano. Usiwaambie wenzako. Waimbishe tu kama kawaida, msimu uende."

"Nimekusikia, Bwana Harlan."

Akatoka, akapita, akamwambia Lovey, "Usiku mwema, Dada." Lovey akageukia mizani. Alijua Arintha ana sababu. Mumewe Ezra alikuwa hawezi tena kupanda ngazi bila kusimama kuvuta pumzi, na binti yao Cordelia alikuwa chuoni anasomea ualimu, wa kwanza katika mtaa wote. Kujua sababu ya mtu hakumzuii mtu kukasirika.

Asubuhi walikaa. Kaa wa kwanza wakamwagwa mezani, wa moto bado. Wanawake wakashika visu wakangoja. Arintha akafungua kaa, akatoa nyama, akatia koponi. Akachukua mwingine. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa.

Walidhani ana kikohozi. Wakadhani Ezra amezidiwa. Mmoja akajaribu kuimba kwa puani, akaona aibu, akaacha. Kilichobaki ni mlio wa magamba na fukuto la boila.

Saa ya chakula Lovey hakuweza kujizuia tena. Arintha alikuwa amekaa juu ya kreti nje, anakula mkate wa mahindi.

"Senti tano zimekukwama kooni, Dada?"

Arintha alimtazama bila kukasirika. "Kumbe ulisikia. Basi kamwulize karani. Asubuhi nimemwambia aniandikie nne kama nyinyi."

Lovey alikosa pa kuweka macho. "Na mbona huimbi?"

"Nne ni za mikono," alisema Arintha, akipangusa makombo mapajani. "Koo halimo."

Lovey alisema baadaye kwamba nywele za shingoni zilimsimama. Alikuwa amekaa karibu na mwanamke huyu miaka yote ile akipimana naye ratili kwa ratili, na kumbe alikuwa akishindana na mlima. Kufikia jioni maneno yale yalikuwa yamepita benchi hadi benchi, na hakuna aliyeuliza yana maana gani.

Wapo watakaokuambia wanawake wa Marsh Hook waligoma. Hawakugoma. Walifika mapema, walikaa, walichambua. Hakuna aliyemwambia mwenzake azembee. Ila mikono iliyozoea kubebwa ilikuwa sasa inatembea yenyewe, na ilichoka. Kila mmoja alikuwa na mwendo wake. Viwiko viligongana, mwiba ukachoma, mtu akasimama kufunga kitambaa kidoleni, na wa pembeni naye akasimama kumtazama. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Chungu ya kaa wasiofunguliwa ilikua mezani, na kaa aliyepikwa hangoji mtu. Siku ya tatu harufu ilifika barabarani.

Bwana Harlan hakuwa mjinga. Alielewa kwamba kilichopungua ni muziki, basi akaleta muziki. Aliiweka redio yake ya nyumbani juu ya pipa, akaifungulia mpaka mwisho.

Kwa nusu saa ilipiga dansi, na visu vikapata wazimu. Nyama ilikuwa inatoka vipande vipande na magamba ndani. Kisha ikaanza hadithi, zile za kila siku za kina mama, ya mjane mmoja na daktari wake. Mikono yote ikasimama hewani.

"Asimwamini huyo," alisema mama mmoja wa nyuma. "Daktari gani hana mgonjwa hata mmoja?"

"Nyamaza, tusikie barua inasema nini."

"Inasema ana mke Ohio. Lazima. Wote wana mke Ohio."

Arintha naye alicheka mpaka akapangusa machozi kwa kiwiko. Bwana Harlan alikikuta kiwanda kizima kimeinama kuelekea pipa, hakuna kisu kinachotembea, na akaichomoa redio yake katikati ya sentensi. Mpaka leo hawajui kama mjane aliolewa.

Akaja kusimama mbele ya Arintha. "Imba," alisema.

"Wimbo si wangu, Bwana Harlan. Ni wa Mungu, mimi naazima tu. Mwulize yeye kama ameshusha bei."

Ijumaa ilipita. Jumatatu, lori la kupeleka nyama Philadelphia lilikuwa limesimama mlangoni, barafu yake ikidondoka matone, dereva akipiga honi. Bwana Harlan alikwenda dirishani, akafuta ile nne kwa mkono wa shati, akaandika tano.

"Haya," alisema. "Kama zamani. Tuendelee."

Pumzi iliyotoka kwenye mabenchi yale ungeweza kuisikia. Lovey aliona sanduku lake likirudi chini ya kitanda. Alitaka kucheka, alitaka kumkumbatia mtu, hata karani. Akamgeukia Arintha amwone akifungua kinywa.

Arintha alitazama kibao, kisha akatazama mikono yake.

"Hiyo ni ya mikono," alisema kwa upole. "Wiki iliyopita wewe mwenyewe ulituonyesha kwamba wimbo nao ni kazi. Sisi hatukujua. Sasa huo bei yake ni ipi?"

Lovey alitaka kumvuta sketi. Tano ilikuwa pale, imeandikwa, inang'aa. Mwanamke huyu alikuwa anacheza na watoto wake watatu.

Bwana Harlan aligeuka mwekundu mpaka masikioni. Akatazama huku na huku, macho yake yakamwangukia Lovey.

"Lovey. Wewe una sauti nzuri, nimekusikia kanisani kwenu nikipita. Anzisha wewe. Tano kwa wote, na utakaa pale mbele penye dirisha."

Kila mtu alijua anaweza. Wimbo wa asubuhi ulikuwa kifuani mwake tayari, maneno yote, alihitaji tu kuuachia. Ungetoka, wenzake wangeitika kwa mazoea, na jioni angekwenda kwake akiwa na senti tano, hana safari. Arintha hakumtazama. Alikuwa amechukua kaa mwingine, anamfungua taratibu, kama mtu aliyekwisha kumsamehe mwenzake kwa lolote atakalofanya. Ni hilo lililommaliza Lovey. Alizikumbuka zile konzi za upande wa kushoto, zilizodondoka kiangazi kizima bila jicho kumtazama.

"Koo langu," alisema, "limekaa benchi moja na lake."

Boila ilifukuta, honi ikalia nje, barafu ikadondoka. Bwana Harlan alisimama kwa muda ambao Lovey alisema ulimzeesha. Kisha akaenda dirishani akaandika sita, kwa nguvu mpaka chaki ikakatika, akatoka nje kumtukana dereva.

Hata hapo wimbo haukuja. Wanawake walimgeukia Arintha, naye akatikisa kichwa. "Limekauka," alisema akigusa shingo. "Dada Lovey, anzisha."

Lovey alianzisha juu mno. Ilikuwa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, na benchi zima lilicheka, lakini waliitika, na visu vikashika mwendo mmoja kuanzia mlangoni hadi ukutani.

Senti sita haikuwa utajiri. Paa la Lovey liliendelea kuvuja palepale, na watoto waliendelea kupokezana viatu. Ila jioni alilala nyumba moja nao, majira baada ya majira, mpaka walipokua na kumwacha wao.

Siku ile walipokuwa wakiosha visu, alimwuliza Arintha swali lililokuwa likimwasha tangu asubuhi.

"Ulijuaje kwamba atakubali?"

"Sikujua," alisema Arintha. Alikuwa ameitumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji ya moto ili vidole vikunjike. "Ijumaa nilimtumia Cordelia nauli ya kurudi nyumbani."

Lovey aliiweka sabuni chini.

"Kesho nitamwandikia abaki chuoni," alisema Arintha. "Nipe hicho kitambaa."