Siku Nilipoinywesha Rejeta Lubisi ya Wakwe

Jamani, kuna aibu ambazo mtu hutamani afe nazo, na hii ni mojawapo, ila kwa kuwa nusu ya Muleba wanaijua na nusu nyingine wanaisimulia vibaya (kuna wanaosema nilikuwa nimelewa, na sikuwa nimelewa!), acha niiseme mwenyewe ilivyokuwa.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Bukoba na ugonjwa wangu ni kijipu (cha magurudumu, si cha ngozi). Nilikinunua kikiwa kizee tayari, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, na tangu siku hiyo Jumamosi zangu zote nazimalizia chini yake. Wenzangu wakienda ufukweni, mimi nimeshika spana. Nimekifungia keria, nimekiwekea taa nne juu za kumulika hadi Uganda (zinazowaka ni mbili), viti nimevishona upya kwa mkono wangu, na kila ninachokitengeneza kinaharibu kingine, mpaka mke wangu amechoka kusema. Asiyechoka ni rafiki yangu Fundi Hamisi, mwenye gereji karibu na soko. "Mwalimu," huniambia, "wewe msomi, lakini hizo video za kwenye simu zitakuua."

Sasa mdogo wangu Deo alikuwa anaposa. Binti anaitwa Kemi, kwao ni huko Muleba, juu vilimani, na baba yake, Mzee Laurian, ni mtu wa saa. Siku ya kwanza tuliyopangiwa hatukufika, kwa sababu kijipu kilikuwa juu ya mawe na breki zake ziko kwenye beseni, na mimi ndiye niliyewaambia watu wasikodi gari, gari lipo. Mzee akatuma ujumbe: njooni Jumapili ijayo saa tano, msipofika nitajua hamna haja na mwanangu. Deo wiki nzima hakula vizuri. Alikonda, na alikuwa hana cha kukonda. Mimi kwa kiburi changu nikaapa mbele ya ukoo kwamba safari hii nitawafikisha, tena kwa kijipu hichohicho.

Mtu mwenye akili angekiacha kilivyo. Mimi Jumamosi, siku moja kabla ya safari, nikaona bora niing'oe feni ya zamani, ile inayozungushwa na mkanda, niweke feni ya umeme niliyoipata kwenye kigari kidogo kilichokufa, eti injini ipumue. Nikaunga nyaya mwenyewe, nikawasha, feni ikazunguka vizuri kabisa, nikapiga picha nikamtumia Hamisi. Akajibu, "Kilete nikiangalie kabla hujasafiri." Nikamjibu, "Hakuna haja." Maneno mawili tu, ndugu zangu.

Asubuhi tukapakia. Alikuwepo Baba mdogo Rwechungura, ambaye ndiye msemaji wetu, alikuwepo shangazi yetu wa Izimbya na madumu mawili ya lubisi aliyoiandaa mwenyewe (kwa msioijua, ni pombe yetu ya ndizi, na kwetu huendi kuposa bila hiyo, wala huendi na dumu pungufu, maana ni kama kusema binti wao hajatimia), na alikuwepo Deo ndani ya suti, jasho linamtoka saa mbili asubuhi. Nafasi ikawa finyu. Nikashusha dumu langu la maji ya akiba nikaliacha barazani.

Mpaka Kemondo tulikuwa tunaimba. Tatizo lilianza tulipoacha lami na kuanza kupanda, maana mwendo ulipopungua geji ya joto ikaanza kupanda na sisi, nami nikawa naizibia kwa mkono ili Baba mdogo asiione. (Baadaye Hamisi alinionyesha kwamba nyaya nilizigeuza, feni ilikuwa inazunguka kinyume, inausukuma nje upepo unaotaka kuingia.) Kilimani, katikati ya migomba, mvuke ukatoka chini ya boneti, kijipu kikakohoa, kikazima. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, na bado kilomita mbili za kupanda, ambazo wazee na madumu yale wasingeziweza kwa miguu.

Wazee wakashuka, wakakaribishwa kwenye nyumba iliyo jirani na barabara, mama mwenye nyumba akawapa kahawa ya kutafuna. Kuhusu maji akaniambia kwa adabu ya Kihaya, "Yaliyokuwepo nimepikia, waitu. Kisima kiko bondeni, binti yangu ameshateremka, hachelewi." Nikarudi kwenye gari, nikasubiri injini ipoe. Baba mdogo alikuwa anatoka nje kila baada ya dakika mbili kuitazama saa yake, halafu ananitazama mimi, na Deo amekaa juu ya jiwe kashika kichwa. Nikaona kabisa mdogo wangu anakosa mke kwa ajili yangu. Macho yakaangukia madumu.

Nitasema ukweli: nilijiambia lubisi nayo ni maji tu, ila yamepitia kwenye ndizi. Boneti ikiwa juu hakuna aliyeniona. Nikafungua mfuniko wa rejeta kwa tambara, nikamimina kidogo, ikanywa, nikaongeza, ikanywa, rejeta ile ina kiu kama mwalimu siku ya mshahara, na nilipokuja kulitazama dumu lilikuwa limebaki nusu.

Na hapo, jamani, hazijapita dakika kumi, binti akapanda kutoka kisimani na ndoo ya maji kichwani, maji safi, baridi. Ningeweza kusema. Kweli ningeweza kumwita Baba mdogo pembeni nikamwambia. Badala yake nikayapokea maji, nikasubiri binti aondoke, nikayamimina kwenye dumu la lubisi mpaka likajaa, nikaliziba kwa jani la mgomba lililokuwa kizibo chake. Basi pombe ikawa kwenye injini na maji yakawa kwenye pombe.

Tulifika saa tano kasoro dakika tatu. Mzee Laurian alikuwa amesimama mlangoni, akaangalia saa yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na Deo akanibana mkono kwa furaha hadi nikaumia roho. Baba mdogo akazungumza vizuri sana, kwa Kihaya cha wakubwa, kisha likaletwa dumu, na kati ya madumu mawili lilikuwa lipi? Lilelile. Kwetu aliyeisafirisha pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya wenyeji, na dereva ni mimi. Ikamiminwa kibuyuni, nikaonja. Ilikuwa na ladha ya kibuyu kilichosuuzwa. Nikajilamba midomo, nikasema, "Nzuri!"

Mzee Laurian akapokea kibuyu, akanywa, akachungulia ndani yake. Akampa kaka yake, naye akanywa, naye akachungulia. Shangazi yangu akaonja, akanigeukia na macho ambayo sijawahi kuyaona kwa binadamu.

Hapo ndipo bibi yake Kemi, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, akainua pua. "Nani anachemsha pombe hapa nyumbani?"

Wote tukageuka. Chini ya boneti ya kijipu povu la kahawia lilikuwa linatoka, linashuka kwenye bampa, harufu ya ndizi mbivu imejaa uwanja mzima, na nyuki wameshaanza kufika. Mzee Laurian akainuka taratibu, akatembea hadi kwenye gari, akafukuza nyuki, akachovya kidole kwenye povu, akakiramba, akatema, akarudi na kusimama mbele yetu.

"Lubisi ni ile," akasema. "Hii mliyonipa mimi ni nini?"

Deo alikuwa ameanza kulia waziwazi, mtu mzima na suti yake. Nikasimama. Nikamwita baba kwa Kihaya chetu. "Waitu, tata, ni mimi. Hawa hawajui lolote. Rejeta ilikauka nikainywesha lubisi yako, halafu nikajazia maji."

"Na ungesema lini?"

"Nisingesema, tata."

Mzee akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Kisha bibi akaanza kucheka, cheko la meno mawili, akashindwa kuacha, likamshika kaka wa mzee, na mwisho mzee mwenyewe akafunika mdomo kwa kofia. Alipomaliza akatoa hukumu: posa haijakataliwa, lakini haijapokelewa. Jumapili inayofuata iletwe lubisi nyingine, na aliyemwaga aibebe mwenyewe kichwani kutoka barabara ya lami, bila gari wala pikipiki.

Nikaibeba. Lita ishirini, kilomita sita, kupanda. Watu walitoka migombani kunitazama, na nilipopita mbele ya shule moja, mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi naye ni mwalimu, akanisalimia kwa heshima kamili, ndiyo iliyoniuma kuliko kucheka kwa wengine. Nilipofika shingo haigeuki. Mzee Laurian akaonja, akaita ndani, "Kemi, toka umsalimie shemeji yako," na alipotoka akapiga magoti kunisalimia, mimi ndiye niliyelia safari hii.

Kijipu bado ninacho, na Jumamosi bado nalala chini yake, siwezi kuwadanganya. Lakini ukoo ukiwa na jambo, hukodiwa gari, nami hukaa kiti cha nyuma kabisa, na madumu huwekwa mbele, miguuni kwa shangazi.