Visababu vya Marabo

Nafundisha saikolojia katika sekondari moja hapa Bunia, darasa la wanaojiandaa kuwa walimu, na kazi hiyo ina ubaya wake: jioni huwezi kufunga duka. Ukirudi nyumbani unakuta yale uliyofundisha asubuhi yamekaa kwenye viti vyako, yanakula ugali. Mke wangu akigombana na sufuria, mimi najua aliyemuudhi ni dada yangu. Sufuria imepokea tu. Jirani yetu, mchoyo kuliko wote katika mtaa wetu wa Shari, hulalamika kila siku kwamba watu wa Shari ni wachoyo. Nyani haoni kundule. Namsalimia kwa upendo, kisha namtumia darasani bila kumtaja.

Lakini hakuna aliyenifaa katika somo hili kama mama yangu mzazi.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa pili, binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa ameshaacha kukojoa kitandani, akaanza upya. Akataka kubebwa mgongoni, akaongea kama kichanga. Nikamweleza mke wangu kwa utulivu kwamba ni kawaida, mtoto akitishika hurudi nyuma hatua moja. Yeye alikuwa anafua shuka. Akaniambia nije basi niifue hiyo hatua.

Kwetu mtoto akipata mdogo wake hupelekwa kwa bibi mzaa baba mpaka mama apate nguvu. Mama yangu anaishi Marabo, analima maharagwe na mihogo, na tangu mimba ilipoanza kuonekana alikuwa ameshatandika kitanda. Tukakubaliana mtoto akae huko hadi mdogo wake aanze kukaa mwenyewe.

Mdogo akakaa. Akatambaa. Akasimama kwa kushika meza. Na kila nilipopiga simu Marabo, mama alikuwa na neno.

"Iko na kikohozi kidogo."

Mara nyingine: "Tuko tunavuna maragi, nani atanisaidia?" Msaidizi mwenyewe ndiye huyo wa miaka mitatu.

Halafu: "Barabara iko na matope." Nikamwambia nimeipita juzi, ni vumbi tupu. "Basi vumbi iko mubaya kwa kikohozi," akasema, akakata simu.

Darasani nikaeleza kwamba mtu asipotaka kusema anachokitaka hujitafutia visababu. Kila kimoja kina akili yake, ila ukivikusanya vyote vinachekesha. Nikatoa mfano wa bibi fulani wa mahali fulani, wanafunzi wakacheka sana. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Monsieur, na ule baba ya mutoto, yeye anangoya nini? Juu ya nini haende kumukamata?"

Nikamjibu kwamba swali hilo liko nje ya somo. Mganga hajigangi, na mwalimu wa saikolojia hana tofauti naye.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Mimi mwenyewe nilipelekwa kwa bibi, koko kama tunavyosema kwetu, kule Kilo, mdogo wangu alipozaliwa, nikakaa mpaka meno ya utoto yakaanza kung'oka. Mwanamke aliyekuja kunichukua nilimwita tantine, kama nilivyowaita wanawake wote wa rika la shangazi zangu. Ndivyo ninavyomwita mama yangu mpaka leo. Watu wakiniuliza, nasema ni mazoea, ni utani wetu. Sasa niliogopa kumsikia binti yangu akimwita mama yake hivyo hivyo, na maadamu sijamleta, sijamsikia.

Jumamosi nikawasha pikipiki.

Nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya mihogo, na binti yangu pembeni yake anatwanga hewa kwa kijiti, amenona.

"Tantine, nimekuya kumukamata mutoto," nikasema.

"Mvua inakuya."

Mbingu ilikuwa nyeupe. Nikaanza kumfundisha. Nikamwambia kwamba miaka hii ndiyo mtoto anajenga imani kwa mama yake, na ikipita hairudi. Aliniacha nimalize. Akaweka mchi chini.

"Unanifundisha miye? Siku nilikuya kukukamata kule Kilo, ulijificha nyuma ya koko yako. Ukaniuliza: tantine, koko atakuya kunitwala siku gani? Nikakujibu: kesho. Kila siku nilikuambia kesho, mpaka ukaacha kuuliza." Akamtazama mjukuu wake. "Wewe ulikuwa unalala kwangu, unalilia mwingine. Huyu analala kwangu, halilie mutu. Hiyo njo nilitaka, kidogo tu."

Iliniuma sana. Nimefundisha hatua za ukuaji wa binadamu tangu kichanga hadi uzee, na sijawahi kumfikiria mama aliyekaa mlangoni pa mtoto wake mwenyewe akiitwa tantine.

Hakuleta kisababu kingine. Alimuosha mtoto miguu, akafunga nguo zake, akaleta kitenge na kunifunga mtoto mgongoni, mimi niliyekwisha kukaa kwenye pikipiki. Wanawake wa jirani wakacheka kuona mwalimu mzima amebeba mtoto kama yaya.

"Mama iko kwetu?" binti yangu akaniuliza sikioni. Alisema mama. Nikapumua.

"Iko, anakungoya."

Kisha akamgeukia bibi yake. "Koko, utakuya kunitwala siku gani?"

Mama yangu alikuwa anakaza fundo la kitenge kifuani pangu. "Kesho," akasema.

"Mama," nikasema, "kesho ukuye kweli."

Mikono yake ikasimama kwenye fundo. Hakuniangalia. Akalikaza tena, ingawa lilikuwa limekaza tayari.

"Enda polepole," akasema. "Barabara iko na matope."

Ilikuwa vumbi mpaka Bunia.