Siku Binti Yangu Alinishusha Jabalini

Nilienda kwenye lile darasa nikiwa nimeshakata shauri. Jibu lilikuwa hapana, na ningelitoa kwa upole, baada ya chakula, ili pasiwe na mtu wa kusema sikujaribu.

Binti yangu wa pekee alikuwa ameacha kozi ya uhasibu katikati, akaenda kujifunza kufundisha watu kupanda na kushuka majabali. Mimi ni fundi wa nguo Mbumbuni, nimeshona sare za shule tangu kabla hajazaliwa, na aliponiambia kwamba hiyo nayo ni kazi nilidhani ananitania. Tulinuniana miezi mingi. Kisha akapata nafasi kwenye kikundi kimoja cha Mombasa ambacho huwaleta wanafunzi wake wa mara ya kwanza huku kwetu, maana huko kwao wana bahari lakini majabali ya maana hawana. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Lakini hangeenda bila baraka yangu. Kwetu mtoto haondoki nyumbani kwenda kuanza maisha huku mzazi amempa kisogo. Mama yangu alikuwa akitutemea mate kifuani kutubariki; sisi watu wa kanisa tunaomba tu, ila jambo ni lile lile. Basi binti yangu akaniwekea sharti: nije darasa moja, nishuke jabali moja. Nikishuka na bado nikakataa, atarudi chuoni na hatalitaja tena.

Namjua. Angerudi kweli, na angemaliza hiyo kozi akiwa amezimika kama taa. Nilijua hivyo na bado nilikuwa na hapana yangu tayari. Nasema haya ili msinidhanie mtu mwema kuliko nilivyo.

Wanafunzi sita walishuka kwenye treni ya asubuhi pale Mtito Andei, watu wa ofisi wenye viatu vipya. Mmoja alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye duka la dawa, aliyevaa suruali pana chini ya buibui. Tulipatana papo hapo kwa sababu ni sisi wawili tu tuliokuja na chai kwenye thamosi. Gari lilitupeleka upande wa Makindu, mpaka kwenye jabali lililo ndani ya shamba la watu, kimo chake kama nyumba ya ghorofa tatu. Unapanda kwa nyuma ukitembea, kisha unashuka mbele kwa kamba.

Tuligawiwa mikanda ya kufunga kiunoni na mapajani. Kabla ya kuvaa wangu niliugeuza nikakagua ushonaji. Mwalimu mkuu, mzee mpole wa Mombasa, aliniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia bado nalitafuta. Sikulipata. Uzi mnene, mishono imerudiwa pale panapobeba uzito, hakuna mahali fundi alipokimbiza kazi. Niliudhika kidogo.

Binti yangu, aliyeruhusiwa kusaidia siku hiyo kabla ya kuanza rasmi, alipita kwa kila mtu akivuta mikanda, akirudia tena, akimwambia mmoja afunge kamba za viatu upya. Hakupaza sauti. Wale watu wazima walimtii, nami nikajikuta nimesimama wima nikingoja zamu yangu ya kukaguliwa.

Mwenye duka la dawa alitangulia. Alisema bismillahi akashuka kama anayeshuka ngazi za kwake. Halafu nikaitwa. Binti yangu alikuwa ameketi juu pale ukingoni, yeye mwenyewe amefungwa imara, ameshika kamba yangu. Nilisimama nikiwa nimeligeuzia bonde mgongo, uso kwa uso na mtoto wangu.

"Mama, jilaze nyuma kana kwamba wakaa kitini," mwalimu aliniambia. "Kamba itakubeba."

Nilipoisikia kamba ikikaza, kiuno kikakunjika, kichwa kikaenda mbele, miguu ikateleza, na goti likagonga mwamba. Wakanivuta juu. Mara ya pili ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu nilichubuka kidevu. Mwalimu akaniambia woga ni jambo la kawaida, nami nikamjibu kwa ukali kwamba siogopi. Na kweli sikuogopa. Mwili ulikuwa unafanya mambo yake bila kuniuliza. Ndipo nikaona mlango wa kutokea: ningesema goti linauma, nimeshindwa kushuka, na habari ya baraka ingeishia hapo.

Binti yangu alikuwa akinitazama tu. Kisha akacheka kidogo.

"Mum, unajua unafanya nini? Umebeba maji."

"Maji gani?"

"Mkanda ukikaza unainama. Angalia vile umeweka kichwa. Ni kama uko na mtungi kwa mgongo."

Nimebeba maji tangu nikiwa na miaka saba. Tulichimba mchanga wa mto mpaka maji yatokee, kisha tukapanda nayo mlima, mtungi mgongoni, umeshikiliwa na ukanda wa ngozi, mukwa, unaopita kwenye paji la uso. Mukwa ukivuta, unainama na kusukuma kwa kichwa. Ukiegemea nyuma unaanguka chali, maji yanamwagika, na mto uko mbali. Ule ukanda umeniachia kibonde kwenye paji la uso ninachokifunika kwa kitambaa. Mwalimu wa Mombasa angejuaje? Binti yangu mwenyewe hajawahi kuuvaa hata siku moja; nilihakikisha. Lakini kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiniona.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Leo huna mzigo, Mum. Mzigo ni wewe. Mwenye amebeba ni mimi."

Niliitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia kabisa juu ya ile kamba.

"Hauchoki?"

"Sichoki. Egemea tu."

Nikaegemea nyuma. Kichwa kilikataa kwanza, halafu shingo ikalegea, na mgongo ukanyooka pale hewani jinsi ambavyo haukuwa umenyooka kwa muda mrefu. Miguu ikashika mwamba. Nilishuka hatua kwa hatua nikilia bila aibu, na nilichokuwa nikikisema njiani kilikuwa asante: kwa Mungu, kwa yule fundi nisiyemjua aliyeshona mkanda wangu, na kwa mtoto aliyenisubiri mpaka akaelewa kinachonikwamisha, ilhali mimi kwa miezi yote ile sikuwa nimemuuliza lolote la maana.

Chini, mwenye duka la dawa alinifungua mikanda, akanimiminia chai yake na kunifuta kidevu. Binti yangu akachungulia kutoka juu. Hakuuliza kitu. Ni malezi yangu hayo. Mtoto hamharakishi mzazi.

Nikamwita kwa sauti, wote wasikie: "Jumatatu unatakiwa kuripoti saa ngapi?"

"Saa mbili, Mum," akasema, na sauti ikamkatikia.

Nikamwambia afute macho, watu bado wanangoja kushuka na yeye yuko kazini.