Bi Udongo afuta doa lake la Mirihi

Asubuhi hii chumba cha wachambuzi wa picha kinanukia chai na kompyuta zilizopata moto. Bi Udongo, kama wenzake wanavyomwita, amesogeza kiti hadi pua inakaribia kugusa kioo. Anaitazama Mirihi, au tuseme kipande chake, kilichopigwa picha na chombo kinachoizunguka sayari hiyo.

Anatafuta udongo wa mfinyanzi. Usicheke! Udongo huo hutokea palipowahi kuwa na maji. Mwanga wa jua ukiupiga, humeza sehemu ya mwanga ambayo jicho haliioni, na kwenye mchoro wa kompyuta pengo hilo huonekana kama kibonde.

"Kibonde tu, basi," anasema. "Ndicho kinachoninyima usingizi."

Wiki iliyopita alipata doa lenye kibonde safi, ukingoni mwa shimo kubwa. Ofisi nzima ikampigia makofi. Mkuu wa kitengo akaandaa tangazo, la kwanza lenye jina la Bi Udongo katika miaka yake tisa ya kazi. Naye hakujizuia, akampigia simu mama yake, mfinyanzi aliyemsomesha kwa kuuza vyungu.

"Mama alifurahi mpaka akaniuliza kama udongo huo una mchanga mwingi!"

Kicheko kinakatika. Jana alifungua picha ya uwanda mwingine, mbali kabisa, akakuta kibonde kilekile kwenye mstari uleule wa picha. Udongo haujipangi kwa kufuata kamera. Akaelewa: hiyo ni kasoro ya kifaa, na hakuna mwingine aliyeiona.

"Ningenyamaza, nani angejua? Nani ataenda kule na jembe?"

Lakini anainuka, anakwenda kwa mkuu wake. Wanaziweka picha mbili pamoja. Mkuu anashusha pumzi.

"Dah! Kwa hiyo tangazo nilifute?"

"Lifute tu, bosi."

Anarudi kitini machozi yakimlengalenga, wala haoni haya. Anampigia mama yake simu.

"Mama, ule udongo haupo. Nilikosea."

"Haupo pale, au haupo kabisa?"

"Pale."

"Sasa unalia nini? Unajua mimi nimechimba mashimo mangapi ya bure? Hebu rudi kazini, mwanangu."

Anacheka huku akipenga kamasi. Sasa ameamua kuyarudia madoa yake yote ya miaka tisa, moja baada ya jingine, kuona yapi ni ya kweli.

"Likibaki hata moja," anasema, "mama atajua kabla ya bosi."